Nunua Pawa Saplai Inayojua Kufa Peke Yake

Wanangu wa Kabiria hapa Nairobi, najua pesa za kompyuta ya gemu zinavyopatikana. Ni za kibarua cha mjengo, za bodaboda ya jioni, za kuhariri video za harusi za watu, na nyingine ni akiba ya miezi iliyofichwa kwenye simu isiguswe. Ndiyo maana huniuma kumwona kijana akishuka matatu na kadi ya grafiki ya bei, prosesa nzuri, kasha lenye ubavu wa kioo na taa za rangi, halafu nikimuuliza pawa saplai yake ni ipi ananijibu, "Ilikuja tu na kasha, mzee."

Nilianza kutengeneza redio na televisheni kabla kompyuta hazijafika mtaani huku, na hadi leo vijana wa majirani huniletea mashine zilizokataa kuwaka. Nyingi hazikuuawa na gemu, wala na kazi nyingi. Ziliuawa na kile kisanduku cha chuma kilicho nyuma, ambacho mwenyewe hakuwahi hata kusoma kibandiko chake.

Neno langu kwenu ni hili: pawa saplai inunuliwe kwanza, na ya kununua ni ile inayojua kufa peke yake. Kifaa hiki kitakufa siku moja, kama vifaa vyote. La kujiuliza ukiwa dukani ni kwamba kikifa kitakufaje. Kitazima kimya, madabodi na kadi na diski vibaki salama, au kitapitisha volti zisizotakiwa na kuondoka na kila kilichounganishwa nacho? Tofauti ya bei kati ya aina hizo mbili ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya vitu vinavyokufa.

Sisi wa huku tuna sababu ya kulishika jambo hili kuliko vijana wa miji mingine. Stima ya Kenya imepangwa iwe volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde. Hiyo ndiyo ya kwenye karatasi. Kwenye ploti yenye vyumba vingi na laini moja, saa moja jioni, mmoja amewasha koili, mwingine yuko chini ya shawa ya umeme, na huko barabarani wachomeleaji wa mageti bado wanamalizia oda ya mteja. Volti zinashuka hadi balbu zinawaka rangi ya chai. Kila mchomeleaji anapogusisha fimbo kwenye chuma, taa za chumbani kwako zinapepesa. Kisha stima inapotea, na ikirudi hairudi kwa adabu: friji, televisheni na pampu za mtaa mzima zinavuta kwa pamoja, volti zinayumba kabla hazijatulia.

Na kuna siku ambazo shida si ya transfoma ya mtaa. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana. Megawati zaidi ya 180 zikatoka kwenye gridi kwa ghafla, na nchi nzima ikaingia gizani. Mwaka 2023 giza la namna hiyo lilitufika Agosti, likarudi Novemba, likarudi tena Desemba. Lile la usiku wa tarehe 25 Agosti lilizima hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Hakuna kijana wa Kabiria anayeweza kuirekebisha gridi. Anachoweza kuchagua ni kile kitakachosimama kati ya gridi hiyo na kompyuta yake.

Tazama basi kazi ya kisanduku hiki. Kinapokea stima ya ukutani, ambayo hubadili mwelekeo wake bila kukoma, na kuigeuza iwe ya mwelekeo mmoja, yenye volti kama 340 hivi. Hapo kinaikatakata kwa kasi, maelfu na maelfu ya mara kwa sekunde, kinaipitisha kwenye transfoma ndogo, na kuitoa upande wa pili ikiwa volti 12, 5 na 3.3. Prosesa na kadi za grafiki za leo hula karibu chakula chao chote kwenye volti 12. Kanuni ya ATX, ambayo Intel iliitoa mwaka 1995 na kuendelea kuirekebisha, kwa miaka mingi imetaka hiyo 12 isishuke chini ya 11.4 wala isipande juu ya 12.6. Huo ndio uwanja mwembamba ambao pawa saplai inapaswa kubaki ndani yake huku nje mchomeleaji akiendelea na geti lake.

Ndani kuna kapasita kubwa, na kazi yake ni kama ya lile tangi la maji juu ya ploti: maji ya kaunti yakikatika, wapangaji huendelea kuoga kwa yale yaliyokwisha kupanda. Stima ikipepesa, kapasita inatakiwa kuilisha kompyuta kwa milisekunde 16 hivi, huku mzunguko mmoja wa stima yetu ukiwa milisekunde 20. Unaona ulivyo muda mfupi, lakini unatosha kuyameza mapepeso mengi bila wewe kujua kwamba yamepita. Mtengenezaji wa pawa saplai ya bei ya kutupa huanza kubana hapo hapo. Anaweka kapasita ndogo, na ya daraja la chini. Ndiyo sababu kijana atakwambia, "Mzee, TV haijazima, balbu haijazima, lakini kompyuta imejizima na kuwaka upya." Halafu anailaumu Windows.

Sasa twende dukani. Ukiishika pawa saplai, usianze na jina wala na namba kubwa iliyoandikwa kwa rangi. Geuza usome kibandiko. Pale juu pameandikwa volti inazopokea. Nyingine zimeandikwa 200 hadi 240, nyingine 100 hadi 240. Zote mbili zitawaka hapa kwetu, lakini kwa jioni za Kabiria chukua ya pili. Ile ya kwanza volti zikianguka chini ya 200 iko nje ya kazi iliyotengenezewa. Ya pili bado iko nyumbani. Na ukiona nyuma kuna kiswichi chekundu kilichoandikwa 115 na 230, jua umeshika muundo wa zamani. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kufika ikiwa imewekwa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo kwenye soketi yetu, kapasita hupasuka papo hapo kwa kishindo na moshi. Wengine hukisukuma kiswichi hicho kwa kudadisi tu. Usikiguse mashine ikiwa kwenye stima.

Chini yake kuna jedwali, na hapa ndipo pana uongo mwingi. Tafuta mstari wa volti 12 uone umepewa ampea ngapi, kisha zidisha. Kisanduku kimeandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, lakini ampea za volti 12 ni 16. Kumi na sita mara kumi na mbili ni 192. Basi umeuziwa kifaa cha wati 192 zinazokufaa, na zilizobaki zimekusanywa kwenye mistari ya 5 na 3.3 ambayo kompyuta ya leo haina haja nayo kubwa. Pawa saplai ya kweli ya wati 500 itakupa karibu zote kwenye volti 12, yaani ampea 38 na zaidi. Hesabu hii unaweza kuifanya kwa simu ukiwa umesimama mbele ya kaunta, na muuzaji akiona unaifanya atabadilisha mazungumzo.

Kuna jaribio moja ambalo naomba msilikubali. Muuzaji huunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, feni inazunguka, anakwambia, "Unaona? Iko poa." Feni kuzunguka kunathibitisha feni tu. Pawa saplai hiyo haijabeba mzigo wowote. Hata mita ikisoma 12 kamili wakati huo, haikwambii lolote kuhusu siku ambayo kadi ya grafiki itaiomba ampea 15 kwa ghafla. Afadhali uipime mkononi. Nzuri huwa nzito, kwa sababu ya shaba na vipoza joto vilivyo ndani, na nyaya zake ni nene. Uzito peke yake si ushahidi kamili, ila nyepesi kama kopo tupu haijawahi kunionyesha jema.

Mtaona pia alama ya 80 Plus, yenye madaraja ya kawaida, shaba, fedha, dhahabu na kuendelea. Mpango huo ulianza mwaka 2004, na unachopima ni kiasi cha stima kinachofika kwenye kompyuta badala ya kupotea kwa joto. Haupimi kinga, wala haupimi kapasita zitaishi miaka mingapi. Naipenda alama hiyo kwa sababu nyingine: mtengenezaji aliyekubali kupeleka bidhaa yake ikapimwe angalau ana jina la kulinda. Lakini usikiamini kibandiko kwa kuwa ni cha dhahabu. Ingia kwenye simu, andika jina kamili la modeli, utafute vipimo vyake. Cybenetics, maabara iliyoko Kupro, hutoa ripoti zake bure, na humo utaona volti 12 zinavyoyumba chini ya mzigo, muda wa kapasita kushikilia, na kama kinga zinafanya kazi. Modeli isiyo na mtu yeyote duniani aliyewahi kuifungua na kuipima, iache dukani.

Kinga ndizo moyo wa nasaha yangu. Kwenye boksi utakuta herufi kama OVP, OPP, SCP na OTP. Ya kwanza huzima volti zikizidi, ya pili mzigo ukizidi, ya tatu panapotokea shoti, ya nne joto likipita kiasi. Hizo ndizo zinazoifanya pawa saplai ife peke yake. Kwenye visanduku vya bei ya kutupa, sehemu hizo mara nyingi hazipo kabisa. Ukikifungua unakuta nafasi zake zimeachwa wazi kwenye bodi, tundu zimetobolewa na hakuna kilichowekwa. Hata kichujio cha stima kule mlangoni kimerukwa kwa vipande viwili vya waya.

Wala msifikiri jina kubwa linatosha. Mwaka 2021, kadi za grafiki zilipokuwa adimu dunia nzima, duka la mtandaoni la Newegg la Marekani lilikuwa likiziuza kwa kuzifunga pamoja na bidhaa nyingine, zikiwamo pawa saplai mbili za Gigabyte, GP-P750GM na GP-P850GM. Wapimaji wa vifaa vya kompyuta, Gamers Nexus, walizinunua, wakazipima, na kadhaa zikalipuka mezani. Kasoro ilikuwa kwenye ile kinga ya mzigo: iliachwa isubiri hadi asilimia 120 au 150 ya uwezo kabla ya kuzima. Agosti mwaka huo Gigabyte walitangaza kuishusha hadi kati ya asilimia 110 na 120, na wakakubali kubadilishia wateja. Gigabyte ni kampuni ya madabodi nzuri. Basi soma modeli, usisome jina la kampuni tu. Majina mengine hayatengenezi pawa saplai yenyewe. Corsair, kwa mfano, hutengenezewa na viwanda kama Channel Well, wakati Seasonic, FSP na Super Flower wana viwanda vyao wenyewe. Ndani ya kampuni moja unaweza kukuta modeli ya kuaminika na nyingine ya kukwepa.

Wengi wenu hamjengi kutoka sifuri. Mnanunua Dell OptiPlex au HP EliteDesk ya mtumba, iliyotumika ofisini Uingereza, mnaitia kadi ya grafiki. Naiunga mkono njia hiyo kwa moyo wangu wote. Kwa kijana wa kipato chetu hakuna iliyo bora. Hapa nasaha yangu inageuka: usikimbilie kuitoa pawa saplai iliyokuja nayo. OptiPlex 9020 ya mnara ina pawa saplai ya wati 290, na hizo ni wati za kweli, zilizotengenezwa kwa mashine ya ofisi itakayowashwa kila siku kwa miaka. Ile ya "wati 500" utakayouziwa badala yake inaweza kuwa dhaifu kuliko hiyo unayoitupa. Weka kadi isiyohitaji waya wa pembeni, kama GTX 1650 za namna hiyo au GTX 1050 Ti, ambazo hula wati 75 na kuzipata zote kwenye nafasi ya madabodi. Prosesa ya i5-4590 imekadiriwa wati 84. Jumlisha, weka diski na feni, bado uko mbali na 290.

Ukitaka kadi kubwa zaidi, hapo ndipo kubadilisha kunaanza, na hapo pana mtego. OptiPlex 9020 haina ile soketi ya kawaida ya pini 24. Ina ya pini 8 iliyobuniwa na Dell. EliteDesk 800 G1 ina ya pini 6. Zipo nyaya za kubadilishia, na zinafanya kazi, ila uzitafute kwa jina la mashine yako na uhakikishe mpangilio wa pini kabla ya kuwasha. Kwenye zile ndogo, za kulala, pawa saplai yenyewe ina umbo lake, na ya kawaida haitaingia hata ukisukuma. Kwa hiyo kabla hujaipenda mashine kwa sababu ni ya bei nafuu, uliza kwanza kama ni mnara au ni ya kulala.

Mwingine huona kadi yake inadai pini 6 au 8, pawa saplai haina, akaletewa adapta inayotoka kwenye waya wa diski. Mkatalieni aliyewaletea. Soketi ya diski ya SATA imepewa ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54, ilhali pini 6 za kadi zina ruhusa ya kuvuta 75 na pini 8 zina ruhusa ya 150. Plastiki inaanza kulainika, inageuka rangi ya kahawia, kisha unasikia harufu. Chumba cha Kabiria kina mlango mmoja na mara nyingi dirisha lina grili. Sitaki kusikia habari ya moto kutoka kwa kijana aliyetaka kucheza FIFA.

Hesabu ya ukubwa haina ugumu. Chukua wati za kadi, ongeza za prosesa, ongeza hamsini za vilivyobaki. GTX 1660 Super ni 125. Na prosesa ile ile ya 84 na hamsini hizo, unafika 259. Nvidia wenyewe wanapendekeza pawa saplai ya 450 kwa kadi hiyo, na nakubaliana nao. Ziada hiyo ina sababu: kadi hurukaruka juu ya kiwango chake kwa sehemu ndogo za sekunde, kapasita huchoka kadiri miaka inavyopita, na pawa saplai inayofanya kazi nusu ya nguvu zake hubaki baridi. Kapasita huishi takriban nusu ya muda wake kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, na hewa ya Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, ni nyepesi, hubeba joto kidogo kuliko ya Mombasa. Ubaridi wetu wa Julai unatusaidia, vumbi letu linatuangusha. RX 580 nayo ni wati 185, na nyingi zilimwagika sokoni kwa bei ya chini baada ya sarafu ya kidijitali ya Ethereum kuacha uchimbaji kwa kadi tarehe 15 Septemba 2022. Ni kadi nzuri kwa pesa yake, ila usiichukue kama huna pawa saplai ya kweli ya 500. Nyingi katika hizo zilikesha kazini usiku na mchana, msiziongezee mateso.

Ukutani pia mnapaangalia? Plagi yetu ina miguu mitatu, na ule mrefu wa juu ni wa waya wa ardhi. Nimeingia nyumba nyingi za kupanga ambazo waya huo umefika kwenye soketi lakini haujafungwa popote, au fundi aliukata kupunguza kazi. Dalili yake mnaijua: ukigusa kasha la kompyuta kwa mkono mtupu unahisi kama sisimizi wanatembea kwenye vidole, na ukichomeka waya wa TV unatoa cheche. Hiyo ni stima kidogo inayopita kwenye kichujio cha pawa saplai na kukosa njia ya kwenda ardhini. Hata kifaa kizuri hufanya hivyo, kwa hiyo usiirudishe dukani kabla ya kukagua soketi. Zungumza na mwenye ploti kwa heshima, alete fundi mwenye leseni. Na ekstensheni iwe nzito, yenye waya wa ardhi wa kweli. Ile tabia ya kuingiza plagi ya miguu miwili kwa kusukuma tundu la juu na kalamu ikomeshwe kabisa, na stima ya kuunganishiwa kisirisiri kutoka kwenye mlingoti usiipe kompyuta, wala usiilalie chini yake.

Stima ikipotea, zima swichi ya ukutani. Usizime kompyuta tu, kwa sababu pawa saplai ikiwa imechomekwa hubaki macho, ina mstari wake wa volti 5 ambao haulali. Stima ikirudi, hesabu dakika kadhaa hadi mtaa utulie, ndipo uwashe. Mkiweza kununua kinga ya volti, zile zinazokata volti zikiwa mbaya na kusubiri kabla ya kurudisha, kama zile za Sollatek ambazo watu hufungia friji, nunueni. Ni pesa iliyotumika vizuri. UPS ni hatua ya baadaye. Ukifika huko, kumbuka kwamba VA si wati: ya 650 VA kwa kawaida hubeba wati kama 360 hadi 390, na betri yake ni ya kubadilishwa kila baada ya miaka michache.

Kuhusu kununua kwenyewe: Luthuli, River Road na Moi Avenue ni mitaa yetu, na wamo wauzaji waaminifu ninaowaheshimu. Tangu Luthuli ilipotengenezwa upya mwaka 2019 watembea kwa miguu wana nafasi, basi tumieni nafasi hiyo kuzunguka maduka matatu au manne kabla ya kulipa. Ombeni risiti rasmi iliyoandikwa jina la modeli na muda wa waranti. Kibandiko cha "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" kisiwatishe. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, sura ya 31, inataka kitu kilichouzwa kifae kwa kazi iliyotajwa. Madai ya hadi shilingi milioni moja yanasikizwa na Mahakama ya Madai Madogo, na huhitaji wakili. Lakini bila risiti mtasema nini mbele ya hakimu?

Pawa saplai ya mtumba iliyofunguliwa kutoka mashine ya Dell au HP, ninaikubali kama feni yake haina mlio na hakuna harufu ya kuungua. Ya mtumba isiyo na jina, hapana, hata kwa bure. Na ikifa, usiifungue mwenyewe kwa sababu umeona video. Ile kapasita kubwa hushikilia volti zake hata baada ya plagi kung'olewa, na mkono uliozoea panya na kibodi unaweza kupigwa vibaya pale. Mletee fundi anayejua kuimwaga kwanza.

Kijana aliye na mashine ya mtumba na bajeti ndogo, jibu langu kwake ni hili: baki na pawa saplai ya Dell au HP na uweke kadi ya wati 75. Anayejenga yake, atafute ya 450 hadi 550, ya 80 Plus, inayopokea volti 100 hadi 240, yenye ampea 36 au zaidi kwenye volti 12, modeli iliyokwisha kupimwa na watu, na waranti ya miaka mitatu kwenda juu. Ukiwa na pesa ya kimoja tu mwezi huu, nunua pawa saplai. Kadi ya grafiki isubiri mwezi ujao.